Aliyepita Bila Kupingwa

Mdogo wangu Asumini alikufa akiiona nyumba yetu. Alikuwa amelala kwenye mchanga katikati ya mto Ruvuma, kichwa chake mapajani mwangu, na ng'ambo ya maji aliliona bati la jiko tuliloezeka sisi wawili. Aliniuliza kwa nini hawaleti mtumbwi. Nikamwambia bado wanaongea. Nilimdanganya. Hakuna aliyekuwa anaongea. Mwenyekiti alikuwa anatangaza.

Nirudi nyuma kidogo, maana nisiporudi mtasema vita ndivyo vilivyomuua, basi, yaishe.

Kijiji chetu kiko bondeni, chini ya Newala. Mashamba yetu mengi ya mpunga yako upande wa Msumbiji, tangu enzi za bibi zetu, na watu wa huko wanakuja kwetu kusaga na kutibiwa. Siku hiyo ilikuwa ya kuvuna, siku ya kawaida. Tulivuka asubuhi, mimi, Asumini na wanawake wengine, na mwenye mtumbwi akarudi nao nyumbani. Asumini alikuwa ananitania kwamba nimezeeka, navuna kama natafuta chawa. Nikamwambia asubiri afike umri wangu. Hajafika.

Saa nne tukasikia milio ya bunduki kutoka kijiji cha hukohuko Msumbiji.

Tukaacha mpunga.

Watu walitoka mashambani wakikimbilia mtoni, wa kwao na wa kwetu, wote kundi moja. Asumini alipigwa risasi ya paja kabla hatujagusa maji. Aliyepiga sikumwona. Nilimburuta. Upande ule maji yalikuwa yamepungua, yalitufika kiunoni, tukapanda kwenye kisiwa cha mchanga. Mbele yetu ukabaki mkondo mkubwa, wenye kina na mamba.

Nikamfunga paja kwa kanga. Nikajua tumepona.

Mgambo wa upande wetu wakasema havuki mtu, kwa sababu washambuliaji wanaweza kuwa wamejichanganya na sisi. Mchana, wauaji walipokwisha kuondoka, askari wa Msumbiji wakafika nyuma yetu. Kamanda wao akasema watu wake waliomo kati yetu hawapelekwi nchi nyingine kabla hajawaona. Mtumbwi ukisogea bila makubaliano, anapiga. Huku bunduki, kule bunduki, na sisi katikati, kama watu arobaini hivi. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Walitakiwa watu wawili waelewane.

Wa upande wetu alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Bakari Namkopa.

Huyu alipita bila kupingwa. Kabla yake tulikuwa na Mama Likwanda, na sisemi alikuwa malaika. Tuligombana naye kwa mpaka wa shamba, na mara mbili nilimnyima kura. Lakini miaka kumi alipingwa kila mkutano. Watu walimwita muongo mbele ya macho yake, naye alikaa akasikiliza, akaachia hiki akabaki na kile, kwa sababu alijua tukichoka naye tutamtoa. Nyavu zikiibiwa, mpunga ukiliwa na mbuzi wa watu, yeye ndiye aliyevuka kwenda kuongea na wa ng'ambo.

Uchaguzi uliofuata, mtendaji wetu Hamisi Chilumba akaikata fomu yake. Kisa herufi moja. Kwenye fomu aliandika Likwanda, kwenye daftari la wapiga kura kulikuwa na Rikwanda. Huku kwetu nani anazitenganisha hizo? Chilumba mwenyewe, mtu wa Tandahimba, anasema "balabala". Alipoisoma sababu hiyo mkutanoni watu walicheka. Na mimi nilicheka. Hakuna aliyesimama.

Basi Namkopa akaja mtoni na kipaza sauti, akasoma karatasi. Tuliambiwa tutulie, hali imedhibitiwa. Kamanda akapaza sauti kwa Kimakonde kwamba aje mtu mmoja wa huku na mmoja wa kule, wakutane mchangani, wawatenganishe watu. Namkopa akamgeukia Chilumba. Kipaza sauti hakikuwa kimezimwa, tukamsikia wote.

"Huyu ananipinga?"

Kisha akajibu kwamba serikali haipewi masharti, anasubiri maelekezo kutoka juu. Juu kwetu ni Newala. Tulikitazama kile kilima kutwa nzima. Hakikushuka kitu.

Siku ya pili kamanda akapunguza. Wavushwe walau majeruhi, wa pande zote. Namkopa akasoma karatasi ileile. Sidhani alikuwa mkatili. Hakujua tu kwamba mtu akikukatalia, maneno ndiyo yanaanza. Angejulia wapi?

Paja la Asumini likavimba. Likaanza kunuka. Nilimnywesha maji ya mto kwa kiganja.

Siku ya tatu, jua linachomoza, akaacha kuniuliza habari za mtumbwi.

Asubuhi hiyohiyo Mama Likwanda alifika. Alikuwa kwa binti yake anayekaa Mkomaindo, kule Masasi, habari zilimfuata huko. Namkopa akamkataza kusogea. Akampita, akaingia majini mpaka magotini, akaita. Kamanda akamwamkia shikamoo hata kabla hajajua anaongea na nani.

"Marahaba, baba. Unaogopa nini?"

Kamanda akasema anaogopa kuulizwa watu wake wamekwenda wapi. Mama Likwanda akamwambia basi atangulie yeye kuwatazama, uso mmoja mmoja, wetu watangoja. Kamanda akataka wa kwake waondoke wote kwanza. Akakataliwa. Akatukana. Mama Likwanda akangoja amalize, kisha akasema majeruhi kwanza, halafu wawili wa huku, wawili wa kule, zamu kwa zamu. Kwa muda waliotumia, hata ugali usingeungua.

"Haya, mama," kamanda akasema. "Lete mtumbwi."

Mwenye mtumbwi akaja moja kwa moja kwangu kumchukua majeruhi. Nikamwambia wangu hana haraka tena. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumevuka wote.

Redioni wanasema mazungumzo na nchi jirani ni kazi ya wasomi. Mimi niliishia darasa la nne. Nilichokiona ni kwamba mmoja alizoea kubishiwa na sisi, mwingine hakuwahi kubishiwa na mtu, na aliyetuvusha ni yule wa kwanza, ambaye tulikuwa tumemcheka.

Leo Namkopa yuko juu kwelikweli, ana nyumba Newala. Chilumba alihamishwa. Mama Likwanda siku hizi hatoki, miguu inamsumbua. Mimi nikikaa jikoni, mlango ukiwa wazi, nauona ule mchanga.

Pole nimepewa za kutosha. Nataka mkutano wa kijiji uitishwe, hao wawili wakalishwe mbele yetu bila kipaza sauti. Chilumba aje na ile fomu. Safari hii kuna mtu atasimama, na atakuwa mimi, na sitakaa mpaka nijibiwe. Bakari Namkopa, walipokuomba majeruhi tu, ulikataa nini?