Goti la Timu Tatu

Sikuingia darasani hata siku moja. Haya nayasema kwa kinywa, na anayeyaandika ni mjukuu wangu, mwenye goti lenyewe. Nimemkataza kupunguza neno.

Alikuwa na miaka kumi na minne, akiishi nami hapa Kariobangi. Ijumaa aliichezea shule. Jumamosi aliichezea timu ya mtaa. Jumapili, ibada ikiisha, aliichezea timu ya vijana wa kanisa letu. Mimi si mtu wa kusifu watoto, lakini niliwahi kufunga kibanda changu cha mboga mapema nikamtazame, na nilipomwona akiruka kuupiga mpira wa kona kwa kichwa, niliwasahau wateja.

Shule moja ya bweni, yenye timu kubwa ya wasichana, ilikuwa imeahidi kutuma watu wamwone. Wakimpenda, angesomeshwa huko mpaka amalize. Jambo hilo nililitaka pengine kuliko yeye.

Kisha pakatokea kinundu chini ya goti lake la kulia. Ngazi za ploti, jengo tunalopanga, alizipanda akiuburuta mguu, akidhani sioni. Nilimpeleka kliniki. Daktari alipabonyeza, mtoto akang'ata midomo.

"Mfupa wake bado unakua," daktari akaniambia, "nao msuli wa paja unauvuta kila anapokimbia na kuruka. Apumzike hadi maumivu yaishe kabisa. Asipopumzika, mfupa unaweza kumeguka."

Nikawaendea makocha, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa shule alinipa kiti. "Ni kweli, mama, mtoto amechoka," alisema. "Apumzike. Hii mipira ya mtaani ndiyo inayommaliza." Nikashukuru.

Kocha wa mtaa, kijana anayechomelea mageti, alizima mashine yake. "Shosho, mimi ndiye wa kwanza kusema apumzike. Huko shule wanamkimbiza kama punda wa maji! Usijali, tuko pamoja." Nikashukuru tena.

Kiongozi wa vijana kanisani alinishika mikono yote miwili. "Tutamwombea, mama. Apumzike hayo mashindano. Mpira wetu ni wa ushirika tu, haumchoshi mtu."

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Watu wazima watatu walikuwa wamekubali mtoto apumzike. Sikutambua kwamba kila mmoja alimaanisha apumzike kwenye timu za wenzake, si yake.

Ijumaa jina lake likasomwa shuleni kati ya wanaocheza. Jumamosi likasomwa mtaani. Jioni hiyo nilimwuliza kwa ukali, "Hukuambiwa upumzike?"

"Shosho, kila kocha ananiambia nipumzike, halafu ananirushia jezi. Sasa mimi nifanyeje?"

Nilimwambia kesho nitalimaliza neno hilo mwenyewe, nikianzia kanisani. Lakini ibada ilipoisha, kikao cha akina mama kilinishika. Nilipofika kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kanisa, kona ilikuwa ikipigwa. Mjukuu wangu aliruka vile ninavyomjua. Alipotua, mguu haukumpokea. Mlinda lango wa timu pinzani alimfikia kwanza, akautazama mguu, akajiziba mdomo. Kifuniko cha goti kilikuwa kimepanda mahali pasipo pake.

Hakulia. Alikuwa akisema tu, "Shosho, usiniguse. Usiniguse."

Hospitalini walimpasua, wakaukaza mfupa kwa skrubu. Makocha wote walikuja kumwona, kila mmoja kwa siku yake. Kila mmoja, akiisha kuweka matunda mezani, aliniinamia akasema kwa sauti ya chini kwamba laiti wale wengine wangemwachilia. Hawakuwa watu wabaya. Walimpenda. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuwaita wote pamoja sebuleni kwangu, mtoto akiwapo, waambiane macho kwa macho ni nani anayemwacha. Viti ninavyo.

Ile shule ya bweni ilimchukua msichana mwingine, naye anacheza vizuri, nasikia.

Mwezi uliopita daktari alisema goti limepona, anaweza kuanza kukimbia polepole. Habari hazikawii mtaani. Kocha wa mageti alikuja mpaka kibandani na jezi, namba ileile.

"Nimekuwekea, bingwa. Hakuna aliyeivaa."

Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama mbele na nyuma, akamrudishia. "Mpe mwingine, kocha."

"Wacha mzaha, wewe!"

"Sifanyi mzaha. Nikiruka, naogopa kutua."

Kocha alinigeukia mimi niseme neno. Nilitaka kumwambia mtoto aichukue. Moyo wangu wote ulitaka hivyo. Lakini nilinyamaza, kwa kuwa safari hii ameulizwa yeye, naye amejibu. Kocha aliikunja jezi akaitia ndani ya ovaroli yake, akatuaga kwa heshima. Nasi tukaendelea kukata sukuma wiki, mimi na yeye, mpaka mteja akaja.