Oili Niliyotia kwenye Gari la Harusi

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo umri umeshindwa kunifutia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimevaa gauni la kijani nililoshonewa kwa harusi ya kaka yangu, nimelala chali juu ya gunia chini ya pikapu ya baba, nafungua nati ya kumwagia oili. Mama alisimama pembeni ameshika kiuno. "Nyamizi, wewe mtoto! Gauni hilo!" Nikamjibu kwamba gauni litafuliwa, lakini bwana harusi haendi kuoa na oili chafu. Nikajiona mtu wa maana sana.

Ngoja kwanza nikueleze tulivyokuwa. Kwetu ni Chemchem, hapa hapa Tabora. Baba alikuwa na pikapu ya dizeli, kuukuu, aliyoinunua ikiwa imeshazeekea mikononi mwa wengine. Ilibeba asali, mahindi, wagonjwa, kwaya ya kanisani, na misiba pia iliibeba. Macho ya baba yalipoanza kufifia, watu walidhani funguo atampa Maganga, kaka yangu. Akanipa mimi. Maganga alikuwa mwalimu, mtu wa vitabu, na gari lilimtisha kuliko nyoka. Basi mtaani wakaniita Dada Dereva, na jina lile, sikufichi, lilinipanda kichwani.

Fundi wa gari letu alikuwa Fundi Shabani, mtu mpole wa maneno machache. Juma lile la harusi alilitengenezea breki, akakaza alichokaza, akasema imebaki oili tu, ataibadilisha Alhamisi. Jumatano zikaja habari kwamba shangazi yake amefariki Igalula. Akapanda treni kwenda kuzika. Kabla ya kuondoka alipita nyumbani akaniambia, "Dada, ukitaka kubadilisha mwenyewe, sawa, unaweza. Lakini nenda kwa Mzee Hasanali, yeye anaijua oili ya gari hili. Usijitilie tu."

Nilikwenda. Mzee Hasanali aliuza vipuri katika duka la baba yake, nalo baba yake alilirithi kwa babu aliyefika Tabora enzi za biashara ya misafara. Alikuwa Mhindi aliyezungumza Kinyamwezi vizuri kuliko vijana wetu wengi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayo," akaniita mama kwa Kinyamwezi. "Umekuja kutafuta nini?"

Nikaonyesha kwa kidole rafu ya juu. Kulikuwa na makopo mapya, rangi ya dhahabu, yamepangwa kama vikombe vya ushindi. Mzee akatikisa kichwa.

"Hiyo si ya gari la baba yako. Hiyo ni nyepesi, ya vigari vipya vya petroli. Baba yako anatumia hii." Akagonga galoni jeusi lililochakaa kwa vumbi, limeandikwa kumi na tano, W, arobaini.

"Kaka yangu anaoa, mzee. Nataka iliyo bora."

"Iliyo bora kwa injini gani?" akauliza.

Kulikuwa na madereva wanne kaunta pale, na mmoja akacheka. Mzee akaanza kunieleza zile namba, taratibu, kama anavyofundisha mtu anayempenda. Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Mwanamke peke yangu kati ya wanaume, naitwa Dada Dereva, halafu nafundishwa kusoma kopo! Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema. Lakini siku ile kusikiliza tu kulinishinda. Nikaaga, nikavuka barabara, nikaingia duka jingine ambalo muuzaji hakuniuliza hata gari ni la aina gani. Nikatoka na kopo la dhahabu.

Sasa sikiliza uzito wa safari yenyewe. Bibi harusi, Kabula, alikuwa wa Igunga. Kikao cha kwanza cha wazee tulikuwa tumekikosa kwa sababu mvua ilikata njia. Baba yake Kabula akatuma ujumbe: safari hii, Ijumaa alasiri, bwana harusi awe amesimama mbele ya wazee. Jua likizama hajafika, watajua kwamba hatuna haja na binti yao. Havikuwa vitisho. Mtu aliyelea binti ana haki ya kuona kama anaheshimiwa.

Oili ile nikaitia Ijumaa asubuhi, na gauni langu mwilini, tukaondoka. Mbele tulikaa mimi, baba na Maganga aliyevaa suti nyeusi. Nyuma walijaa mama, shangazi, mjomba, wanakwaya na madebe ya asali. Wakati huo barabara ilikuwa ya vumbi, kiangazi kimekolea. Mpaka Nzega gari lilikwenda vizuri, na mimi moyoni nikamcheka Mzee Hasanali.

Tulipotoka Nzega, jua la mchana likiwa juu, ikawaka taa nyekundu ya oili. Ikazimika. Ikawaka tena.

"Hii taa ni ya nini?" Maganga akauliza.

"Nyaya zinacheza tu," nikasema. Kwenye dashibodi mama alikuwa amebandika maua ya karatasi kwa ajili ya harusi. Nikalisogeza moja, nikaifunika ile taa.

Mwanangu, nimefanya makosa mengi katika maisha haya, lakini mkono wangu ukilisogeza lile ua bado nauona.

Baba hakuweza kuiona taa, ila masikio yake yalikuwa mazima. Baada ya muda akainamisha kichwa. "Nyamizi, injini inalia vingine leo."

"Ni upepo, baba. Dirisha liko wazi."

Akageuzia sikio upande wa injini. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu niliyaona, nikayaita upepo. Nikaongeza mwendo ili tufike kabla mambo hayajaharibika. Injini ikaanza kugonga, kwanza kama mtu anayebisha hodi kwa kidole, halafu kama anayebisha kwa nyundo. Tukapanda kilima kimoja, ikapiga kishindo, ikakata. Nilipojaribu kuiwasha haikuzunguka hata nusu. Ilikuwa imenoki, kama mafundi wasemavyo: imekwama kabisa.

Tukashuka wote. Hakuna kijiji karibu, ni mbuga na miiba, na jua limeanza kulala upande. Shangazi akasema kwa sauti, "Huyu Fundi Shabani ametuaibisha!" Wanakwaya wakaitikia. Gari si lilitoka gerejini kwake juzi tu? Mimi nikawaacha waamini hivyo.

Likaja lori la pamba, limejaa mpaka juu, linaelekea kiwandani Igunga. Dereva alituonea huruma akasema anaweza kuchukua watu wawili tu, tena juu ya mzigo. Akapanda Maganga, na mjomba mmoja wa kumsindikiza. Sisi tulibaki tukiwapungia mikono, mama akiomba kwa sauti.

Yaliyotokea huko nilihadithiwa. Maganga aliingia uani kwa wakwe jua likiwa limeshika miti, suti nyeusi imeota pamba mwili mzima, mpaka kwenye nyusi. Baba yake Kabula akamtazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Wewe ni mkwe, au ni robota la pamba limeanguka njiani?"

Maganga, yule mtu wa vitabu asiye na utani, akajibu, "Baba, lolote mtakaloniita, mradi nimefika."

Wakacheka mpaka wanawake wakatoka jikoni kuuliza kulikoni. Ndoa ikafungwa kesho yake, na sisi tulifika kwa kuokotwaokotwa na magari ya watu. Watoto wa Maganga na Kabula leo ni watu wazima; mmoja wao hunitania kwa mapenzi kila tukionana kwamba nusura asizaliwe.

Kwa hiyo harusi ilipona. Aliyeumia alikuwa mwingine.

Tuliporudi Tabora gari likiwa limefungwa nyuma ya lori, mjini neno lilikuwa limeshatangulia: Fundi Shabani ameua injini ya gari la harusi. Wenye teksi wawili wakayaondoa magari yao kwake. Fundi akarudi kutoka msibani akakuta watu wanamsalimia nusunusu. Akaja Chemchem, akakaa na baba barazani, akaniita. Hakufoka. Aliuliza tu, "Dada, ulitia oili ipi?"

"Ile ile ya siku zote," nikasema, na baba amekaa pale.

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda zake. Nilimtazama mgongo wake mpaka alipokata kona.

Siku ya tatu napita mbele ya duka la Mzee Hasanali, nimeinamisha macho, akaniita. Nikaingia. Safari hii tulikuwa wawili tu. Akamimina chai ya tangawizi, akanisogezea.

"Niliona ulivyovuka barabara," akasema. "Niliona na kopo ulilotoka nalo."

Machozi yakanitoka. Nikasubiri aniseme kuhusu oili. Hakuigusa.

"Sijamwambia mtu, mayo. Si neno langu, ni lako. Injini hufunguliwa ikafungwa, ikatembea tena. Lakini jina la Shabani nalo umeliharibu, na hakuna fundi mjini hapa anayeweza kulitengeneza isipokuwa wewe. Kunywa chai, halafu nenda."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilishaumbuka mbele ya mzee mmoja, na ajabu ni kwamba nilijisikia mwepesi. Nikaenda nyumbani, nikamshika baba mkono, nikamwongoza mpaka gerejini. Kulikuwa na wateja na mafundi. Nilisema yote mbele yao: kopo, taa, ua, na uongo nilioutamka barazani. Nikasema Fundi Shabani hana kosa hata moja.

Baba akauminya mkono wangu. Kisha akasema, "Niliisikia injini, mwanangu. Nilikuwa nangoja kukusikia wewe."

Fundi Shabani akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki. "Kesho saa moja asubuhi uje na nguo za kazi," akasema. "Sitaki gauni. Injini uliyoiua tutaifungua wote, uione ilivyokufa."

Tuliifungua. Akanionyesha vyuma vilivyosagana, vimekwanguka mpaka vinang'aa. Akanieleza kwamba injini iliyotembea miaka mingi, nafasi kati ya chuma na chuma zimepanuka. Oili nyepesi ikishapata moto na mzigo wa kupanda kilima, inapita kama maji kwenye chekecheke, na chuma kinabaki kinasuguana na chuma. Ile taa ilikuwa inaniambia hivyo. Nilikwenda mwenyewe kwa wale wenye teksi nikawaeleza, wakarudi, mmoja akiwa na aibu kuliko mimi. Na mimi sikuondoka tena pale gerejini. Pikapu ilipowaka upya, Fundi aliniambia nibaki nijifunze nyingine. Nimekuwa fundi mpaka nywele zimekuwa mvi, na namshukuru Mungu kwa kazi hii kila siku.

Juzi alikuja binti mmoja na gari lake la kwanza, dogo, la petroli, bado jipyajipya. Akaniomba nimtilie oili nzito kwa sababu babu yake alimwambia nzito ndiyo hulinda injini. Nikacheka, kwa maana kosa lile lile lilikuwa limegeuka likaja kwa mlango wa nyuma. Babu yake hakukosea. Alikuwa anazungumzia gari lake.

Basi nisikie na wewe. Kabla ya kununua oili, fungua kitabu cha gari, au tazama kifuniko cha kutilia oili. Mara nyingi wameandika. Kama huoni, muulize fundi anayeijua injini hiyo, na ukimuuliza, tulia umsikilize. Namba iliyo mbele ya herufi W inakuambia oili itakavyotiririka injini ikiwa baridi, asubuhi unapowasha. Namba ya mwisho inakuambia itabaki na uzito gani injini ikishachemka. Gari jipya lenye nafasi finyu likitaka nyepesi, lipe nyepesi, kwa maana nzito itachelewa kufika panapohitajika. Gari la zamani la dizeli likitaka nzito kidogo, lipe hiyo, tena iliyoandikwa ya dizeli. Wala usitie nzito ili kunyamazisha injini inayogonga. Huko ni kumziba mgonjwa mdomo. Pima oili kwa kijiti chake cha kupimia, gari likiwa mahali tambarare, limepumzika kidogo. Na siku taa nyekundu ya oili itakapowaka, hata kama una bwana harusi kitini, simama, zima injini hapo hapo. Kuchelewa kunasameheka.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usimwachie mwingine alibebe kosa lako hata kwa siku tatu. Kukosa si kosa. Nenda useme mwenyewe, mapema, watu wakiwepo. Utashangaa ni milango mingapi hufunguka baada ya hapo.

Mungu akujalie mikono yenye kazi na sikio lenye subira. Akukutanishe na wazee watakaokuambia ukweli kwa upole, na akupe moyo wa kuupokea. Barabara zako ziwe nyeupe, mwanangu, na kila unaposafiri wawepo wanaokungoja kwa furaha. Amina.