Mama Aliyekonyeza Taa

Jumapili baada ya misa, binti wa mama mmoja wa kisiwani alinipigia simu kutoka Katandala, Sumbawanga mjini: mama amefariki, wanamshusha ziwani leo hii wakamzike kwao. Yule mama ndiye aliyekuwa akiwasha na kuzima jenereta ya dizeli kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Tanganyika, upande wa Nkasi. Nilimfahamu nilipopelekwa huko, nikiwa nimetoka chuo juzijuzi, kuwaeleza wananchi habari za umeme wa jua. Tangu simu ile najiuliza kama nina haki ya kumwandika, maana hatukuwa ndugu.

Kila usiku kabla ya kuzima jenereta, alizifanya taa za kijiji zififie na kuwaka, ili watu wamalizie shughuli zao. "Tumekonyezwa," walisema, wanawake wakatandika vitanda, wanafunzi wakafunga madaftari. Mchana hakupita mlango bila kuulizwa, "Mama, leo una mafuta?" Kwenye mkutano wetu, mtaalamu alipomaliza kulisifu jua, yeye akasimama. "Sawa, wanangu. Sasa hilo jua likitaka kuzima, litamkonyeza nani?" Mvuvi mmoja akadakia, "Halitakukonyeza wewe, mjane!" Mkutano mzima ukacheka. Yeye akakaa chini, akajifunika kitenge mabegani.

Umeme wa jua ulikuja, na sitaki kuusema vibaya. Zahanati ina friji ya chanjo, wajawazito hawajifungui kwa tochi, moshi umekwisha. Ila yeye sasa alipita kijijini bila kuulizwa kitu. Kifua kilipomzidi, bintiye akampandisha Sumbawanga kutibiwa. Nilikwenda kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kule wanaendeleaje?"

Nikamwambia taa zinawaka mpaka asubuhi.

"Hilo najua. Kuna aliyeniulizia?"

Nikainama kummiminia chai.

Jua halikumuua, ni kifua, na jambo hili nimeligeuza kila upande nisije nikamsingizia mtu. Lakini siku ya uzinduzi alisomewa risala ndefu ya shukrani, kisha ufunguo wa chumba cha betri akakabidhiwa fundi kutoka mjini. Mama aliutazama ufunguo ule ukipita mbele yake, mkono wake ukiwa umeshaanza kunyanyuka. Wenzangu mtakaokwenda kwenye visiwa vilivyobaki na dizeli, kabla hamjafunga paneli ya kwanza, mtafuteni anayewasha jenereta, mmpe kazi. Shukrani haimfanyi mtu ahitajike.