Uji wa Mwanangu Barazani

Mpaka leo nikisikia mtu mzima anafyonza uji kwa kelele, natoka nje.

Mwanangu alikuwa hajaanza kutambaa vizuri alipopauka. Muuguzi wa zahanati alimvuta kope ya chini, akamfungua viganja, akasema damu imepungua. Alinipa dawa, akanisisitizia nimpikie uji mzito wa unga ulioongezwa madini ya chuma, na chai nisimpe kabisa. Hapa Somanga unga huo haukuwepo. Mume wangu aliutafuta Nangurukuru mpaka akaupata. Ulinuka kutu kidogo, lakini mtoto aliuzoea, ikawa akiona kibakuli ananyoosha mikono.

Ramadhani ikaingia. Kwetu futari bila uji si futari, na siku hiyo baba mkwe alikuwa anawafuturisha wazee wenzake wa msikitini. Nilirudi kutoka kuteka maji nikamkuta mama mkwe jikoni anakoroga sufuria kubwa. Pakiti ya mwanangu ilikuwa chini, tupu, imekunjwa vizuri.

"Mama, huo si unga wa mtoto?"

"Ndiyo, mwanangu. Ule wetu wa muhogo umeingia wadudu. Niwape wageni wadudu? Huu una nguvu, na waliofunga ni wao. Mtoto hajafunga."

Alisema hivyo huku anatia pilipili manga, kuua ile harufu ya kutu.

Kupeleka futari barazani ni kazi ya mkwe, kwa hiyo niliupeleka mwenyewe, nikasimama kando nikiwaangalia. Uji uliwachuruzika ndevuni, wakajifuta kwa kiganja, kisha wakalamba kiganja. Baba mkwe aliongeza, akaongeza tena. Mzee mmoja alicheua kwa nguvu, akamshukuru Mungu, akaisifu mikono ya mama mkwe. Wanaume wazima, wenye damu ya kutosha kugombana kila siku juu ya mipaka ya mikorosho, wanakomba damu ya mtoto ambaye hata kusimama hawezi. Na wote wanaitwa watu wa dini.

Nilirudisha sufuria jikoni, nikakwangua kilichoganda chini, nikamwonjesha mwanangu. Pilipili ikamwasha. Aliutema wote, akalia mpaka sauti ikakauka. Nikambeba ubavuni, nikaishika sufuria kwa mkono wa pili, nikatoka nayo kwenda kuiosha.

Pale barazani yule mzee aliyecheua alinisimamisha. Alimshika mtoto mkono, akakigeuza kiganja chake, akakitazama kwa huruma.

"Mbona mjukuu wetu amekuwa mweupe hivi? Mwanangu, mtoto hupewa uji, uji mzito."

Nikamwinamishia ile sufuria ajionee mwenyewe uji wa mtoto ulikoishia.

Akaweka mkono kifuani, akatabasamu.

"Ahsante, mwanangu. Nimeshiba."