IVF yetu ya kwanza iliharibikia kwenye friza ya maziwa ya ngamia, nami nikanyamaza

Wakuu, salaam aleikum.

Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi bila kuandika hata mstari. Leo naandika, na sitajipamba. Mtakaonitukana, nitasoma yote.

Mimi ni mfanyabiashara wa mbuzi hapa Garissa. Mimi na mke wangu Halima tuna miaka saba ya ndoa, mtoto hakuna. Tulipopimwa Nairobi, yeye alikuwa sawa. Tatizo ni langu: mbegu chache, na hizo chache zenyewe dhaifu.

Nyumbani sikusema.

Hooyo, yaani mama yangu, alikuwa akimwita Halima tasa mbele ya wageni, na mimi nipo hapo nakunywa chai. Mwanaume mzima, nakunywa chai!

Daktari akashauri IVF. Nilidhani ni mambo ya siku moja. Kumbe mke anachomwa sindano tumboni kila siku ili mayai yakue, anapigwa skani, mayai yanatolewa, yanakutanishwa na mbegu maabara, ndipo yanarudishwa tumboni. Halafu mnangoja wiki mbili roho mkononi.

(Sheikh nilimuuliza kwa simu, kwa jina la uongo. Akasema maadamu ni mume na mke wenyewe, hakuna shida.)

Nesi alitupa sindano za siku tano twende nazo nyumbani. Alisema mara mbili: ziwekwe kwenye friji, zisigande. Ikiganda, tupa.

Sasa friji yetu, Hooyo huifungua mara kumi kwa siku. Halima akasema, "Si tumwambie tu?" Nikakataa katakata.

Nikazipeleka kwa jirani anayeuza maziwa ya ngamia. Nikamwambia ni chanjo ya mbuzi, aniwekee kwa friji. Kila jioni nachukua moja, nampelekea Halima.

Siku ya tatu nikakuta hazipo. Jirani, kwa roho safi, alikuwa amezihamishia kwenye friza, katikati ya madumu anayogandisha kabla ya kuyapakia basi la Nairobi. "Chanjo inataka barafu, Abdi," akaniambia. Hakukosea. Mimi ndiye niliyemdanganya.

Zilikuwa ngumu kama jiwe.

Mwenye akili angepiga simu kliniki. Lakini kliniki wangeuliza, Halima angeuliza. Nikaipasha moja kwapani, nikampelekea, akajichoma. Siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa.

Tuliporudi kwa skani, mayai yalikuwa hayajakua. Daktari akamgeukia Halima: "Mama, ulichoma kila siku?"

"Wallahi, kila siku," akasema, akaanza kuhesabu kwa vidole, siku gani, upande gani wa tumbo, saa ngapi.

Daktari akanitazama mimi. Nikaangalia sakafu. Matibabu yakasimamishwa palepale.

Njia nzima Halima alikuwa akijiuliza amemkosea nini Mungu. Tulipokaribia daraja la Tana nilishindwa, nikamwambia kila kitu. Hakulia wala hakunigombeza. Alivuta mtandio usoni, akageukia dirisha mpaka nyumbani. Afadhali angenitukana, wakuu.

Kesho yake akasema: "Sindano nitarudia. Lakini kwanza Hooyo ajue tatizo ni la nani. Na asikie kwa mdomo wako."

Hii ni wiki ya tatu sasa, na bado sijamwambia Hooyo.

Nilichojifunza ni hiki: pimweni wote wawili, na majibu yakitoka yasemwe. Masharti ya dawa yafuateni kama mlivyoambiwa. Mficha uchi hazai. Methali hiyo tulikuwa tukiikariri shuleni huku tunacheka. Sasa sicheki.

Naandika haya nimekaa chumbani. Halima yuko mlangoni, ananingoja. Hooyo yuko uani anachuja chai, na ameshaniita mara mbili.

Nyinyi mliowahi kumwambia mama yenu jambo la aibu kama hili, mlianza na neno gani?