Chipu Niliyoiruka

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu umeanza kubeba mkoba wa fundi, na mimi nimechoka kuibeba siku hiyo peke yangu.

Nilikuwa kijana, fundi wa vifaa katika hospitali moja ya huku kwetu Karagwe. Jina lake niliache. Maabara ilikuwa upande huu, wodi ya wazazi upande ule, katikati shamba la migomba. Mashine ya kupima damu ilikaa maabara, kompyuta ikakaa wodini, na kebo ndefu ilipita chini ya migomba ikipeleka majibu. Wauguzi waliipenda, maana iliwaondolea kukimbia na vikaratasi kwenye mvua.

Unajua mwenyewe mambo yalivyo. Ndani ya mashine umeme wa kupeleka habari ni mdogo, volti tano tu, na ukiutupa hivyo hivyo kwenye kebo ndefu unafika hoi. Ndiyo maana huwekwa chipu pale kebo inapoanzia. Chipu ya upande wa kutuma huupandisha umeme uweze kusafiri, na ile ya upande wa kupokea huushusha tena na kuusafisha. Ni kadude kadogo tu, kana miguu kumi na sita. Hata leo, pamoja na mambo yenu mapya, ukifungua mashine nyingi za hospitali utakakuta kamekaa humo.

Msimu ule wa mvua radi ilipiga jirani, chipu ya kutuma ikafa. Nyingine ilibidi iagizwe Mwanza, na kusubiri sikutaka; nilikuwa na kichwa kikubwa siku hizo. Nikaing'oa, nikaweka transista moja na rezista mbili mahali pake, nikachoma lehemu. Kompyuta ikasoma! Sista Editha, mkuu wa wodi ya wazazi, akanipigia makofi. "Fundi wetu huyu, mwacheni!" akasema. Nikafunga kifuniko, nikakaza skrubu zote nne, na sikumwambia mtu kwamba nimeruka chipu.

Wiki mbili mambo yakaenda vizuri. Kisha akaletwa Leokadia, mke wa mfugaji mmoja wa kule kwenye nyika za Kyerwa, aliyeitwa Kagambo. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, ikabidi apangiwe upasuaji mchana ule ule. Watu wale mgonjwa wao akilazwa hawaji mikono mitupu. Kagambo alikuja na wadogo zake watatu, vijana wenye afya zao, tayari kutoa damu. Lakini kompyuta ya wodini ikaonyesha damu ya Leokadia ni kumi na tano nukta moja, damu ya kutosha kabisa. Vijana wakaambiwa waende zao, ng'ombe wasije wakakosa mtu wa kuwarudisha.

Aliyeshtuka ni Sista Editha. Alipokuwa akimvalisha Leokadia gauni la upasuaji aliona viganja vyake vyeupe pee. Akamvuta kope ya chini, nako kweupe. Akaja maabara mbio, akanikuta.

"Fundi, hebu tuangalie mashine yenyewe inasemaje."

Kwenye kioo cha mashine paliandikwa sifuri tano nukta moja.

Nilielewa pale pale. Jinsi mashine zinavyotumiana tarakimu, kati ya sifuri na moja pana tofauti ya alama moja tu. Jenereta lilikuwa linanguruma karibu na kebo, umeme wangu dhaifu ukaingiliwa na kelele, na ile sifuri ikafika wodini ikiwa moja. Chipu ingekuwepo, sifuri ile isingeyumba. Mwanamke alikuwa na damu tano, anaingia kwenye kisu, na friji haikuwa na damu ya kundi lake.

Nilipanda pikipiki ya hospitali nikawafuata wale vijana. Niliwakuta Nyaishozi wanakula ndizi na maharage, nikawarudisha wote watatu. Upasuaji ulikuwa umesubiri damu, na muda ulikuwa umekwenda. Leokadia alipona. Mtoto, wa kiume, alitoka amenyamaza.

Kagambo alinishika mikono yote miwili. "Usingewafuata ndugu zangu, fundi, ningezika wawili."

Nikamjibu, "Tumshukuru Mungu." Basi, hilo tu ndilo nililosema.

Siku chache baadaye alikuja Mzee Kahabuka, fundi aliyenifundisha kazi, ameleta chipu kutoka Mwanza. Habari za Leokadia alikuwa ameshazisikia. Akafungua kifuniko, akaitazama ile transista kwa muda mrefu.

"Hii kazi yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Wodini wanajua?"

"Wanadhani ni jenereta tu."

"Mwana wange, mimi nimeruka chipu mara nyingi kuliko wewe. Ila naandika kwenye plasta, naibandika juu ya mashine, kisha naenda kumwambia sista asiiamini kompyuta mpaka nirudi. Wewe umewafungia kifuniko." Akaanza kuchomoa transista yangu, wala hakuniangalia. "Nenda kwa yule mama umwambie."

Sikwenda. Niliona aibu, na kila mwaka aibu ile ikawa nzito zaidi, maana kila mwaka Kagambo alinitumia samli. Niliila, mwanangu. Nilimpa hata mke wangu akajisifu nayo kwa majirani.

Mwaka juzi, Kagambo akiwa ameshafariki, ndipo nilipopata ujasiri wa kupanda bodaboda mpaka Kyerwa. Leokadia, bibi sasa, alinikaribisha kwa maziwa. Nikamweleza yote. Ya transista hakuyaelewa, lakini ya sifuri aliyaelewa. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo hazikuwa kuni?"

Nikamuuliza kuni gani.

"Nilibeba kuni siku moja kabla ya kuja hospitali. Mama mkwe akasema ndizo zilizomuua mtoto, na akasema mbele za watu. Nami nikaamini. Kila mimba iliyofuata nilikaa na hofu." Akanitazama bila hasira, na afadhali angekasirika. "Ungekuja mapema, fundi. Mama mkwe alikuwa bado hai."

Nikanywa maziwa yake mpaka mwisho, nikarudi nyumbani.

Mwanangu, siku moja utaishiwa chipu na watu watakuwa wanakusubiri, na utaruka. Sikukatazi, maana nawajua mafundi. Lakini usikaze skrubu kabla hujaandika ulichofanya, na kabla hujawaambia wanaosoma majibu yako. Na likiharibika, sema siku ile ile, hata kama wanakushukuru, hasa wakikushukuru. Mimi nilidhani nimeficha kosa langu ndani ya mashine, kumbe nilikuwa nimemtwisha mwanamke mmoja maskini, naye akalibeba ujana wake wote akidhani ni lake.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na mdomo usiochelewa. Nenda kazini sasa, wanakungoja.