Harufu ya Moshi Ndani ya Ndege Mpya

Wazazi wetu walipokufa nilikuwa darasa la sita, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado hajajua kutembea. Niliacha shule, nikaanza kukausha samaki kwa moshi na kuwauza sokoni Kibuye. Dada wawili wa katikati waliolewa mapema. Huyu wa mwisho nilimshikilia asome, na mwanzoni mwa miaka ya sabini akapata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo. Wafadhili walimtumia tikiti inayoanzia hapa hapa Kisumu.

Ndege yenyewe ilikuwa ya aina mpya. Watu walikuwa wakitoka kanisani Jumapili na kwenda uwanjani kuitazama tu. Jirani yetu aliyepakia mizigo pale hakuipenda. Alisema taa za ndani zilizimika zenyewe na kuwaka tena, na mafundi walikuwa wakifungua kuta zake kila mara.

"Lakini mafundi wapo," akaongeza haraka. "Usimtie mtoto hofu."

Sikumtia. Nilimfungia ngege, samaki wetu wa ziwani, waliokaushwa kwa moshi, kwa majani ya migomba na gazeti, kwa maana kwetu huendi kulala kwa watu mikono mitupu, naye angelala kwa binamu ya mama Nairobi kabla ya safari ndefu. Hakuwa peke yake. Karibu kila abiria alipanda na samaki, hata wenye tai.

Nilisimama kwenye uzio wa waya pamoja na wasindikizaji wengine. Ndege ikaruka, ikapinda juu ya ziwa, ikapotea. Nilikuwa bado nafuta macho mtu mmoja aliposema, "Mbona inarudi?"

Ilikuwa inarudi kweli. Gari la zimamoto likatoka mbio, na hakuna aliyetueleza neno. Katika kumlea yule mtoto nilikuwa nimeogopa malaria, karo na wanaume. Sikuwahi kufikiri kwamba ningemkabidhi kwa moto mimi mwenyewe.

Ikatua. Mlango ukafunguliwa, watu wakashuka wakisukumana, naye nikamwona na kiatu kimoja mguuni. Nilipita chini ya waya. Askari alinitazama tu.

"Nyamera," nilimwita, yaani dada yangu, "umeungua?"

"Sijaungua. Nimetukanwa tu," akasema, akaanza kucheka na kulia pamoja.

Alinieleza tukiwa tumekaa kwenye nyasi. Walipofika juu, moshi ulianza kunuka. Bwana mmoja mwenye tai aliyeketi kando yake akamgeukia. "Wewe dada, umepanda na jiko?"

Mama mmoja wa nyuma akamjibu, "Mwache mtoto. Na hiyo yako chini ya kiti ni maua?"

Ndege nzima ikacheka. Hakuna aliyeshtuka, nani wa kwetu atashtushwa na harufu ya moshi penye samaki? Hata mhudumu, msichana wa huku huku ziwani, alikusanya vikapu vyote akavifungia stoo ya nyuma, akarudi akitabasamu. Harufu ikazidi. Sasa ilikuwa kali, ya plastiki inayoungua, kisha taa zote zikazimika. Tabasamu likamtoka, akakimbia kwa rubani.

Baadaye fundi alituambia kwamba nyaya za umeme nyuma ya ukuta zilikuwa zikisuguana na chuma mpaka ganda lake likaisha, zikaanza kuungua. Ndege nyingine ya aina hiyo ilikuwa imefanya vivyo hivyo kwingine. Zote zingesimamishwa hadi nyaya zipitishwe upya.

Yule bwana mwenye tai alikuja akainama mbele ya mdogo wangu. "Dada, nisamehe. Pua yangu ilikuwa na njaa."

"Basi ukifika Nairobi, ule," akamwambia.

Alasiri ililetwa ndege kuukuu, ya aina tuliyoizoea. Mdogo wangu aliitazama, kisha akanitazama.

"Nikisema siendi?"

Nilitamani aseme hivyo. "Ukisema huendi, tunarudi nyumbani, na sitakulaumu hata siku moja."

Mhudumu alikuwa amemletea kiatu chake cha pili. Mdogo wangu akakivaa, akafunga kishikizo.

"Usiondoke hapa kwanza," akaniambia. "Ikirudi tena nikukute."

Sikuondoka. Wasindikizaji wengine walikwenda zao, uwanja ukabaki na mbuzi na upepo wa ziwani. Nilitazama upande ule ndege ya pili ilikopotelea mpaka shingo ikauma. Mwishowe karani akatoka ofisini.

"Mama, bado uko? Imetua Nairobi. Wamepiga simu."

"Wote wameshuka?"

"Wote."

"Sema tena, baba."

Akasema tena, polepole, bila kunicheka. Nikaketi pale pale chini, nikavuta pumzi.